Shajara ya mradi wa kunguru: kutoka Buguruni hadi ukingo wa msitu wa Pugu

Februari, mwishoni

Kwenye karatasi za mfadhili mradi una jina refu. Ofisini tunauita mradi wa kunguru, na mitaani sisi ni "watu wa kunguru". Eneo letu ni ukanda mmoja tu wa Dar es Salaam: Buguruni na Vingunguti, kisha barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, Ukonga, Gongo la Mboto, hadi dampo la Pugu Kinyamwezi na ukingo wa msitu. Tumeuchagua kwa sababu ndiyo njia ya taka. Kinachotupwa mjini kinapakiwa kwenda Pugu, na kunguru anakisindikiza.

Kwa msomaji asiye wa Dar: kunguru ninayemsema ni yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa India, *Corvus splendens*. Si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, Waingereza wakiwa watawala, ili asafishe taka za mji. Kufikia 1917 kulekule Zanzibar walikuwa wameshamtangaza mharibifu. Baadaye akavuka, na leo pwani yote ni yake, na bara amefika hadi Morogoro. Kunguru wetu wa asili, yule aliyevaa fulana nyeupe, siku hizi ukimwona katikati ya jiji unamgusa mwenzako bega umwonyeshe.

Swali la kwanza kila mtaa ni lilelile: inakuwaje chama cha kuhifadhi wanyamapori kinakuja kuua ndege? Jibu liko juu ya miti. Kunguru huyu anakula mayai na makinda ya wenzake. Shore, mnana, chozi, tetere, wote anawafuata kiota kwa kiota. Hana adui wa maana hapa, na chakula chake tunamwandalia wenyewe.

Kazi hii hatukuianzisha sisi. WCST, yaani Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania, chama cha kitaifa kilichoundwa mwaka 1988, kiliendesha kampeni ya kuwapunguza kunguru hawa Dar kwa mitego na sumu miaka mingi kabla yetu. Tunachojaribu sasa ni kidogo: ukanda mmoja, mitego michache, na daftari linaloandikwa kila siku na mtu anayeishi palepale.

Machi, wiki ya kwanza

Fundi seremala wetu wa Buguruni aliwahi kujenga mitego ya wakati ule, kwa hiyo mchoro niliokwenda nao aliutumia kufunikia chai yake. Fremu ni ya mbao za mbili kwa mbili, imezungushiwa waya wa kuku, ina mlango mdogo ubavuni wenye komeo. Ujanja wote uko kwenye paa. Paa halikai bapa. Linashuka katikati kutoka pande mbili, na pale pande zinapokutana imelazwa ngazi. Nafasi kati ya kipandio na kipandio inamtosha kunguru aliyefunga mbawa. Anatua kwenye ngazi, anachungulia nyama, anasogea, anachungulia tena kwa jicho la pili, kisha anajidondosha. Akitaka kutoka lazima aruke, akiruka lazima akunjue mbawa, na mbawa zikishakunjuliwa hazipiti. Hakuna kamba wala kifyatuo.

Waya ulikuwa mpya na unang'aa. Fundi akasema, "Kaka, hawa ukiwaletea kitu kinametameta wanakaa mbali wiki nzima. Iache nje ipate vumbi." Tukaiacha mbele ya karakana, magari na bodaboda zikaipaka uchafu wa kutosha, ndipo kirikuu kikaja kuibeba.

Nyama peke yake haiwaiti. Kinachowaita ni kunguru mwenzao anayekula kwa raha. Kwa hiyo kila mtego unabaki na kunguru kadhaa walio hai, nao ndio chambo: wana maji, kivuli cha makuti, kijiti cha kulalia na chakula cha kila siku. Watu husema kunguru hafugiki. Sisi tumemwandikia bajeti ya kumfuga, na mhasibu amepiga simu kuuliza mstari wa "utumbo wa kuku, kila siku" ni posho ya nani.

Kuna jambo ambalo wageni wanaotembelea mradi huwa hawalipendi, nami nitaliandika lilivyo. Wanaokamatwa wanauawa. Daktari wa mifugo amewafundisha vijana wetu kuwatengua shingo kwa mkono mmoja wa haraka, ndani ya glavu, na kazi hiyo inafanyika giza likishaingia, mtego ukiwa umefunikwa turubai. Sababu si aibu. Kunguru akimwona mwenzake anauawa mahali fulani, mahali hapo amepaweka kichwani, na atawapigia kelele wengine wasisogee. Sura ya mtu pia anaiweka. Kijana wetu mmoja wa Vingunguti sasa anabadilisha kofia kila anapokwenda kutia maji, maana wakimtambua wanamfuata mtaa mzima wakimzomea, na watoto wanawasaidia.

Mizoga inafukiwa kwenye shimo lenye chokaa. Ndege wa aina nyingine akiingia anatolewa palepale.

Machi, mwishoni

Masika yameanza na mtego wa Buguruni, ambao ndio tuliuwekea matumaini, umekaa karibu mtupu. Kunguru wapo tele, ila wamekaa juu ya paa la mtego, si ndani yake. Wamekaa hapo kwa sababu panatazamana na ghuba la taka la soko, na gari la taka halijafika tangu mvua ilipokata njia. Ghuba limefurika hadi barabarani: matumbo ya samaki, mapapai yaliyooza, wali wa jana wa mama lishe, manyoya na vichwa kutoka kwa wachinja kuku. Chambo wetu wana kipande cha utumbo kwenye sinia. Ungekuwa wewe kunguru ungejidondosha?

Kisha gari likaja. Vijana wa taka walikwangua ghuba mpaka sakafu. Kesho yake alfajiri mlinzi wa soko akapiga simu kwamba mtego unatikisika. Ulijaa. Siku chache baadaye ghuba lilijaa tena na mtego ukarudi kuwa benchi lao.

Nimeongeza safu kwenye daftari. Zamani lilikuwa na tarehe, waliokamatwa, hali ya chambo. Sasa kuna "gari la taka limepita/halijapita". Nimewaomba walinzi wote wa mitego waijaze hata kama siku hiyo hakuna kunguru hata mmoja. Wawili wameona ni kazi ya bure na wameniambia hivyo.

Aprili

Mvua. Barabara za ndani Gongo la Mboto hazipitiki kwa kirikuu, tunapeleka chakula cha chambo kwa bodaboda.

Mtego mmoja umeondolewa mbao na mtu ambaye bila shaka paa lake lilikuwa linavuja. Waya ametuachia, umekunjwa vizuri. Mjumbe alitaka tufuatilie. Nimeona mbao zimekwenda zilikohitajika zaidi kwa mwezi huu.

Mei

Tulipoanza tuliweka mitego kwenye aina mbili za sehemu. Aina ya kwanza ni kwenye viwanja vya taasisi na maghala, penye uzio, mlinzi anayelipwa na bomba la maji. Aina ya pili ni uani kwa watu. Kwa hesabu za makaratasi aina ya kwanza ingeshinda. Imekuwa kinyume, na mtego unaofanya kazi kuliko yote uko uani kwa mama mmoja wa Gongo la Mboto anayefuga kuku wa kienyeji.

Nilipokwenda kumwomba nafasi nilikuta vifaranga wake ni wa waridi. Amewachovya kwenye rangi ya ukili, ile ya kusukia mikeka, ili kunguru asiwatambue kama kifaranga.

"Shikamoo mama. Hiyo rangi inasaidia?"

"Marahaba. Inawashangaza wiki moja tu, mwanangu. Wiki ya pili wanakula hata wa waridi."

Akanikalisha kwenye kigoda nione. Kunguru wanakuja wawili. Mmoja anatua nyuma ya mama kuku na kumvuta manyoya ya mkia. Kuku anageuka kwa hasira, anamfukuza hatua tatu nne. Hatua hizo zinatosha: wa pili ameshashuka mbele, amebeba, ameondoka, na yule wa mkia anaruka akiwa hana haraka hata kidogo. Baadaye wanagawana juu ya mjohoro wa jirani, mbele ya macho yetu.

Mama huyu hahitaji posho ili akumbuke kuwapa chambo maji. Tulichompa ni mabaki ya waya wa kuku, akajengea banda la vifaranga. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mtego ukisogezwa karibu na banda hilo, kunguru wanaokuja kwa ajili ya vifaranga na kuwakuta ndani ya waya wanahamishia hasira kwenye nyama yetu. Jioni simu inakuja: "Njooni, wageni wamejaa." Siku moja aliingia kunguru wa fulana nyeupe. Akamtoa mwenyewe kwa kanga, akamrusha, kisha ndipo akatuambia.

Kwenye moja ya yale maghala yenye uzio, chambo walikaa bila maji tangu Ijumaa hadi Jumatatu kwa sababu zamu ya Jumamosi haikuambiwa. Nimeuondoa mtego pale. Kibali cha kuua ndege chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hakimpi mtu ruhusa ya kumtesa.

Juni

Mwezi huu umekuwa wa sumu. Ilianza kwenye kikao cha serikali ya mtaa Ukonga, pale mwanamume mmoja aliposimama na kusema mitego yetu ni mchezo wa watoto. Yeye ana dawa ya shambani, akipaka kwenye nyama, kwa siku moja mtaa utakuwa mweupe. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akanitazama mimi.

Nimejibu hivi, na ninaandika kwa sababu nitaulizwa tena. Sumu ya kunguru ipo, si siri. Inaitwa DRC-1339, iliundwa Marekani, na ndiyo iliyotumika Dar wakati wa kampeni ya zamani. Inaharibu figo za ndege. Kunguru anakula leo na kufa baada ya siku moja mbili, mara nyingi akiwa malaloni. Inavunjika haraka mwilini mwake, kwa hiyo paka au mwewe anayekula mzoga hayuko kwenye hatari kubwa. Ndiyo maana Kenya nao mwezi Juni 2024 walipotangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo walitaja sumu ya aina hiyohiyo. Lakini inaagizwa kwa kibali, inawekwa na watu waliofundishwa, na kwanza kunguru wanalishwa nyama safi mahali pamoja kwa siku kadhaa ili ionekane ni nani mwingine anakuja kula hapo.

Dawa ya shambani haina hata kimoja cha hayo. Inaua mbwa, inaua mwewe, inaua kuku wa yule mama, na mtoto akiokota kipande hatuna la kusema. Na kunguru watakaobaki hawatagusa nyama ya mtaa huo tena, iwe na sumu au iwe kwenye mtego.

Yule mwanamume hakuridhika. Aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: hiyo sumu yenu ya kibali ilipotumika, mbona kunguru wapo?

Wapo kwa sababu walirudi. Unguja walipunguzwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fedha zilipokwisha kazi ikasimama, na kunguru waliobaki wakakuta mji uleule, wenye taka zilezile, na sasa wenye nafasi. Jozi moja inataga mayai manne hivi, wakati mwingine matano. Ukipunguza walaji bila kupunguza chakula, umewasaidia waliobaki kulea. Ninapolisema hili kwenye vikao vya wahifadhi wenzangu naona vichwa vinatikisika vikikubali, kisha mjadala unarudi kwenye bei ya sumu.

Siku chache baada ya kikao tuliletewa mwewe aliyekufa kwenye mfuko wa salfeti. Hatujui alikula nini wala wapi. Mwenyekiti ameandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika kwenye mlango wa ofisi ya mtaa: ni marufuku kuweka dawa kwenye nyama. Chini ameongeza, "pamoja na maandazi".

Julai

Pugu. Kipupwe kimekausha njia na tumeweza kufika kote.

Dampo la Pugu Kinyamwezi unalisikia kabla hujaliona. Kila lori linapomwaga, kunguru wanapanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, katikati ya watu wanaookota plastiki na vyuma, na hakuna anayemjali mwenzake. Jiji limekuwa likilisukuma dampo lake kwa miongo. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kulikataa, wa Kunduchi Mtongani wakafuata 1991, na wote walikuwa na haki yao. Kila lilipohama, kunguru walihama nalo. Sasa limefika huku, na vilima vya Pugu unaviona ukiwa umesimama juu ya taka.

Hapa ndipo chama cha wanyamapori kinapokuwa na hoja zaidi ya kuku na vifaranga. Msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi, ambao leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilikuwa mikubwa. Humo kuna komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi ambaye duniani kote anaishi Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani. Kuna *Anthus sokokensis*, ndege mdogo wa sakafu ya msitu aliyepewa jina la Sokoke ya Kenya, asiyejulikana kwingine ila kwenye misitu michache ya pwani ya nchi hizi mbili. Kuna popo wa mapango ya kaolini, ule udongo mweupe, ambao jioni wanatoka mfululizo. Ndege anayekaa sakafuni na anayetaga kwenye kiota cha wazi hataki jirani kunguru.

Tulitembea na askari wa msitu kuanzia upande wa Kisarawe kufuata mpaka. Nilichokuwa nakitafuta ni kunguru, na habari ni nzuri kuliko nilivyotarajia: ndani, penye mwavuli wa miti uliofunga, hatukuona hata mmoja. Huyu ni ndege wa watu. Pasipo na jalala, kibanda au bakuli la mbwa hana shughuli. Tulimwona mara tu tulipotokea kwenye viwanja vipya, penye nyumba ambazo bado zina nondo zinazochungulia juu, na kila nyumba ina shimo lake la taka upande wa nyuma, yaani upande wa msitu.

Askari alionyesha pia matanuri ya mkaa ya zamani, mabaka meusi yaliyoanza kuota majani. Mkaa ndio ulioutafuna msitu huu kwa miaka mingi, kunguru ni mgeni wa juzi. Ila popote mkaa ulipofungua msitu na nyumba ikasogea, kunguru anakuja nyuma yake. Nikilinganisha mambo mawili, shimo la taka lililofukiwa ukingoni mwa Pugu lina faida kwa yule ndege wa sakafuni kuliko mtego wowote tunaoweza kuuweka dampo, ambako wanaokamatwa hata hawapungui machoni.

Agosti

Taarifa ya robo mwaka. Fomu ina kisanduku kimoja kikubwa: "Idadi ya kunguru walioondolewa". Nimekijaza. Hakuna kisanduku cha gari la taka.

Nimemwandikia mfadhili barua ndefu kuliko ilivyohitajika. Hoja yenyewe ni fupi: idadi ya waliouawa inapanda tukifanya kazi vizuri na inapanda vilevile kunguru wakiongezeka, kwa hiyo peke yake haisemi kitu. Nimependekeza tupime mambo mengine. Kwanza, kunguru wanaoingia malaloni jioni, tukiwahesabu sehemu zilezile, saa ileile, kila mwezi. Pili, vifaranga wanaofika umri wa kuuzwa kwa wafugaji tunaofanya nao kazi, maana wafugaji hesabu hiyo wanayo kichwani na hawaikosei. Tatu, viota vya ndege wengine kwenye miti tuliyoichagua.

Kuhesabu malaloni ni kazi ya kipekee. Malalo yetu makubwa ni kundi la miembe karibu na reli. Kuanzia saa kumi na moja na nusu wanaanza kuja kwa makundi kutoka pande zote, wanakaa kwanza kwenye nyaya za umeme na mapaa, wanagombana, kisha wanaingia mitini kwa pamoja. Mmoja wetu anahesabu wanaotoka Buguruni, mwingine wanaotoka dampo. Wapita njia wanatudhania watu wa barabara tunaokuja kubomoa nyumba, na mara mbili tatu tumelazimika kumwita mjumbe atuthibitishe.

Vijana wa shule ya jirani wameomba kujiunga, na mwalimu wao amekubali kwa masharti ya kurudi nyumbani kabla ya isha. Wana macho makali kuliko sisi. Binti mmoja wa darasa la sita alituonyesha kwamba kundi la dampo linafika limeshiba na kulala mapema, wakati la Buguruni linaendelea kugombana mpaka giza. Nimeliandika kama alivyolisema.

Septemba

Wameanza kubeba vijiti, na si vijiti tu. Tulishusha kiota kutoka kwenye mkungu uani mwa saluni, nikakaa nacho mezani asubuhi nzima. Nje kilikuwa karibu chote ni waya: waya wa kufungia nondo, vipande vya henga, kipande cha spoku ya baiskeli. Umesukwa na kubana kiasi kwamba ukikishika pembeni kinanyanyuka chote. Ndani kulikuwa na makumbi ya nazi, nyuzi za salfeti, na katikati kabisa, kitanda chenyewe, rasta za saluni zilizozungushwa duara, nyeusi na za damu ya mzee. Mayai manne, bluu ya kijani yenye madoa ya kahawia. Mwenye saluni alizitambua rasta zake na akasema alidhani wasaidizi wanamwibia.

Viota vilivyo kwenye nguzo za umeme hatuvigusi; hiyo ni kazi ya mafundi wa umeme wenyewe, na waya juu ya waya si mahali pa mtu wa kujitolea. Kwenye miti tunashusha kwa ruhusa ya mwenye mti. Wakivunjiwa wanajenga upya baada ya siku chache, kwa hiyo mti mmoja unatembelewa tena na tena hadi msimu upite. Kwa mitaa yenye miti mingi haiwezekani. Kwa mti ulio juu ya banda la kuku inalipa.

Oktoba

Daftari la gari la taka sasa lina miezi ya kutosha kulisoma kwa pamoja, na lile tuliloliona Buguruni mwezi Machi limejirudia kwenye kila mtego ulio karibu na ghuba. Ghuba likiwa tupu, mtego unakamata. Likijaa, mtego unalala. Wale walinzi wawili waliosema ni kazi ya bure ndio walionionyesha kwamba hata siku zenyewe zinafanana: gari likipita jioni, mavuno ni kesho yake asubuhi, likipita asubuhi, kunguru wanazunguka na njaa yao na kuingia mchana.

Tumekaa na wachinja kuku wa soko. Utumbo na vichwa ndivyo vinavyowaleta kunguru kwanza, na wao wenyewe wamechoka, maana kunguru wanawanyakulia hata nyama safi mezani. Makubaliano ni mapipa yenye mfuniko, yanayochukuliwa kila asubuhi na mfugaji wa kambare wa Kinyerezi ambaye zamani alikuwa akinunua utumbo huohuo mbali zaidi. Anakuja na guta lake, na ndoo moja inabaki kwa ajili ya chambo wetu. Mpango uliwahi kukwama kwa sababu hakukuwa na aliyetaka kuosha mapipa. Sasa anaosha kijana wa guta, na wachinja kuku wanachanga kumlipa.

Afisa afya wa kata amekubali kulipeleka suala la ratiba ya gari kwenye kikao chao. Hakuahidi. Huko Pugu, wenye viwanja vitatu ukingoni mwa msitu wamefukia mashimo yao na kuhamishia taka upande wa barabara. Wa nne anasema upande wa barabara ni wa maua.

Nimeomba kuhamisha fedha za mitego mipya ziende kwenye mapipa na mifuniko. Mfadhili ameuliza kama pipa la utumbo wa kuku ni kifaa cha uhifadhi wa wanyamapori. Nimemjibu ndiyo, nikaambatanisha kurasa za daftari na picha ya ghuba la Buguruni lilivyokuwa mwezi Machi. Jibu bado.

Wakati tunasubiri: mitego miwili ya Ukonga inahamia Vingunguti Jumatatu, kirikuu kimeshalipiwa. Mama wa Gongo la Mboto anaomba mtego wa pili, na jirani yake mwenye mjohoro anauliza kama na yeye anaweza kupewa. Hesabu ya malaloni ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja na nusu kamili. Wanafunzi waje na viatu vya kufunika vidole.